Sweta la Kwenda Mufindi

Watu wa gulioni Kibiti niliwaaga kwa kuwaambia nusu ya ukweli. Nilisema ninakwenda Dar es Salaam kumwoza mtoto wa kaka, nitarudi Jumatatu, na meza yangu ya masweta asiikalie mtu. Nusu niliyoimeza ni kwamba bibi harusi huyo nilimzaa mimi. Tangu akiwa na mwaka na nusu alilelewa Temeke na kaka yangu na mkewe, yaani wifi yangu. Wifi alimwita mama. Mimi aliniita mama wa Kibiti, kama watu wanavyosema mananasi ya Kibiti au korosho za Kibiti.

Nilifiwa na mume nikiwa Mohoro, nina watoto watatu, na huyo ndiye aliyekuwa mdogo. Kaka na mkewe walikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Walipokuja msibani, wifi alimpakata mtoto siku tatu hakumweka chini, na siku ya kuondoka mtoto akalia kumfuata. Mama yangu akasema tumpe, nami nikasema haya. Hakuna aliyenishika mkono. Ningekuwa nimenyang'anywa ningepata mtu wa kumlaumu, na mimi ni mtu ninayependa kuwa na wa kumlaumu.

Sasa mtoto alikuwa anaolewa, na kuna jambo moja nililolitaka. Kwetu mwanamume akiposa, mbali na mahari huleta nguo mbili za wanawake. Ya kwanza ni mkaja, ile nguo mzazi anayofungwa tumboni akishajifungua. Ya pili ni ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Zote mbili hupewa mama siku ya ndoa, mbele ya wanawake wa pande zote, na kwa kuwa aliyezaa kwa kawaida ndiye aliyebeba, hakuna anayejisumbua kuzitenganisha. Khanga zenyewe sikuwa na haja nazo. Nilitaka mkaja uitwe na mkono utakaonyooka uwe wangu. Nilimwomba Mungu jambo hilo kila siku, na kila siku niliona aibu kuliomba, maana wifi hakuwa amenikosea kitu.

Mchumba alikuwa na kazi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, ambako wanasema asubuhi mtu huongea na moshi unatoka mdomoni. Nilipolisikia hilo nilifurahi kuliko nilivyofurahia posa yenyewe. Mwanangu anakwenda kwenye baridi, na mama yake ni mfumaji wa masweta! Safari hii nilikuwa na kitu cha kumpa ambacho Temeke nzima isingeweza kumpa.

Kufuma nilifundishwa na nesi mmoja wa bara aliyepangiwa zahanati yetu ya Mohoro nilipokuwa na mimba ya mtoto huyohuyo. Tulimcheka sana. Sweta Mohoro, mahali ambapo hata shuka la kujifunika ni la heshima tu? Lakini mtoto mchanga huogopewa upepo popote pale, na yule nesi alikuwa na subira, akatufundisha wajawazito watano tukisubiri kupimwa. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli tulizozichonga ncha kwenye jiwe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sweta la njano la mtoto, na kofia yake, na soksi. Mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Mwanangu alizaliwa akalivaa, na siku anaondoka Mohoro aliondoka nalo.

Halafu uzi ukapotea madukani, pamoja na sabuni na sukari, nikazichomeka spoku zangu kwenye makuti ya paa. Nilizishusha tena miaka ya ruksa, nilipokuwa nimehamia Kibiti, marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa chini pale gulioni. Watu waligombania mashati na magauni ya kafa-Ulaya. Masweta mazito ya sufu yalibaki yamelala, maana nani atavaa sweta la theluji Kibiti? Mimi niliyazoa. Niliyafumua, nikaufua uzi, nikauning'iniza na jiwe chini ili unyooke, nikafuma upya: seti za watoto wachanga, masweta ya wanafunzi waliopangiwa shule za bweni za huko juu, na ya walimu wa bara wanaokwenda likizo kwao. Watani wangu waliniita fundi baridi. Waniite tu, nilisomesha watoto wawili kwa jina hilo.

Kwa sweta la Mufindi nilichagua rangi ya damu ya mzee. Nilifumua masweta mawili makubwa, ya kiume, yenye sufu safi isiyochanganywa na nailoni. Vipimo nilikuwa navyo: Idi iliyotangulia nilimpima mwanangu kwa uzi, nikafunga fundo la kifua, fundo la bega, fundo la mkono, nikauhifadhi kwenye kopo la chai. Nilifuma miezi miwili. Nilitia msuko katikati ya kifua, na mikono yote miwili ilikuwa sawasawa. Nililikunja, nikalifunga kwenye upande wa khanga, nikasafiri Ijumaa nimelipakata mapajani, na barabara ya Kibiti ya siku hizo, yenye mashimo yake, sikuihisi kabisa.

Nyumba ya kaka ilikuwa imejaa. Shemeji yangu, baba mdogo wa mtoto, alikuwa amekwisha fika kutoka Mohoro kuwa walii wake. Wifi alinipokea barazani, tukakumbatiana vizuri tu, akanitengea chai na vitumbua, akaniambia mwali yuko ndani haruhusiwi kutoka, nitamwona asubuhi. Nilikubali. Ila niliona mkeka alioandaliwa mama wa bibi harusi kwa ajili ya Jumapili, mpya, umekunjwa na kusimamishwa ukutani, na nikajua bila kuuliza kwamba uliwekwa kwa ajili ya wifi.

Jumamosi asubuhi niliingizwa chumba cha mwali. Walikuwemo wifi, na somo, yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mwali na kumwongoza mpaka kwa mumewe. Mwanangu alikuwa ameketi kitandani amejifunika khanga, amepakwa liwa mpaka masikioni. Alinipa shikamoo, akanibusu mkono. Nikatoa sweta. Alishangilia kweli, sitasema uongo, akaupitisha mkono juu ya ule msuko na kusema, "Hili umelifuma kwa mkono, mama wa Kibiti?" Nikamwambia alivae tulione.

Aliinua mikono akaliingiza. Kichwa kikazama, na hakikutokea upande wa pili. Mabega yaligoma. Alivuta chini, halikushuka. Alivuta juu, halikupanda. Mikono yote miwili ikabaki imesimama hewani na mwali yumo ndani anacheka na kukosa pumzi.

"Mama, nitoe!" akaita.

Nilipiga hatua, na wifi akapiga hatua. Mimi nikasimama. Wifi akamshika na kumchomoa taratibu, kwa mikono ya mtu aliyekwisha mvua na kumvika maelfu ya nguo.

Somo hakuwa na huruma. "Lo! Mama wa Kibiti, weye ulimfumia yule wa Idi," alisema. "Huyu wa leo kala samli na uji wa maziwa mwezi mzima, na jua halioni. Mwali kanona! Kwani hukujua?"

Nilijua. Hapo ndipo aibu ilipo. Mimi mwenyewe niliwekwa ndani Mohoro miezi mitatu, na siku ya kutoka bangili zangu za utotoni hazikuvuka vidole. Mwanamke yeyote wa kwetu, hata aliyelala usingizi, anajua kwamba mwali huwekwa ndani anenepe. Lakini mimi kwenye kopo langu la chai nilikuwa nimeweka uzi wenye mafundo, nikauamini uzi. Mfumaji mwenye akili angeacha nafasi. Mama anayeishi na mwanawe asingehitaji hata uzi.

Wifi aliniona uso. Akasema kwa upole, "Usijali, wifi yangu. Tutatuma mtu Kariakoo amletee la dukani, siku hizi yamejaa tele."

Upole huo ndio uliowasha moto. "La dukani!" nikasema. "Kazi ya mikono yangu hujaanza leo kuidharau. Lile la njano, nililompa mwanangu siku anaondoka Mohoro, liko wapi? Nilikuuliza mwaka alioanza shule, ukaniambia hujui lilipo. Mlilifanya dekio?"

Nilisikia neno "mwanangu" likitoka, na halikuwa na njia ya kurudi. Wifi alinitazama kidogo, akageuka, akatoka. Somo akasema amefunda wanawali wengi, ila watu kugombana kwa ajili ya sweta na jua hili ndiyo kwanza anaona. Mwanangu aliinamisha kichwa akawa anachezea pindo la khanga. Nilitamani kurudi Kibiti kwa miguu.

Wifi alirudi amebeba foronya iliyofungwa fundo. Alikaa sakafuni, akaifungua. Kwanza ilitoka harufu ya karafuu, alizozifunga kwenye kitambaa kuzuia wadudu. Kisha likatoka sweta la njano, na kofia, na soksi zote mbili. Mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikuwa nalo siku zote. Niliogopa ukiliona utakumbuka alivyokuwa mdogo, umtake. Na ungemtaka, wifi, miye ningesema nini?"

Niliitafuta hasira yangu nikaikosa. Miaka yote ile nilikuwa nikimwonea wivu mtu ambaye naye hakuwa na raha. Nililishika lile sweta, na nikalia mbele ya mwanangu kwa mara ya kwanza tangu nimzae. Mwanangu akashuka kitandani akakaa kati yetu, liwa lake likatupaka sote wawili.

Lakini jicho la fundi halina adabu. Hata machozi hayajakauka nilikuwa nimeanza kuliangalia lile sweta la njano kwa namna nyingine. Sweta la Mufindi lilikuwa halihitaji kufumuliwa lote, kazi ambayo isingekwisha kwa siku moja. Lilihitaji kuachanishwa ubavuni, kuanzia pindo mpaka kwapani na kuendelea chini ya mkono, halafu kutiwa kipande kila upande. Uzi wa damu ya mzee ulikuwa umekwisha wote.

"Utatosha?" wifi akauliza.

"Nini kitatosha?"

"Usijifanye hujui. Nimekuona unaupima kwa macho."

"Ni lako," nikamwambia. "Umelitunza miaka ishirini."

"Nimetunza cha mtu," alisema. "Fumua, kabla sijabadili mawazo."

Tulikaa ukumbi wa uani, karibu na wapishi waliokuwa wakipika pilau la wageni. Nilitafuta ncha nilipoifunga nikiwa kijana, nikaikata, nikavuta. Uzi ukitoka kwenye sweta la zamani huja umejikunja, lazima mtu mmoja anyooshe mikono na mwingine auzungushie hapo. Wifi alinyoosha mikono. Nilivuta, nikazungusha, na yeye akawa anayumba kidogo kushoto na kulia kuufuata uzi, bila kufundishwa.

Akaanza kunieleza habari za mtoto, bila mimi kumuuliza. Jino la kwanza kung'oka lilimezwa pamoja na andazi. Darasa la pili alimpiga mtoto wa jirani aliyemwambia kwamba wifi si mama yake. Alipougua surua, wifi alimbeba mgongoni siku tatu, kwenda na kurudi hospitali, kwa sababu akiwekwa chini alipiga kelele, na siku ya nne wifi mwenyewe hakuweza kunyoosha kiuno. Nami nikamweleza ya kwangu, ambayo yalikuwa machache. Mvua ilivyonyesha siku ya kuzaliwa. Mama yangu alivyonifunga mkaja kwa nguvu mpaka nikamwambia anataka kuniua. Nilipolitaja hilo neno, mkaja, niliuzungusha uzi kombo. Nilitaka kumuuliza habari ya kesho. Ulimi ulifika mlangoni ukarudi.

Kuufua uzi na kuuanika hapakuwa na wakati. Nikauchukua ulivyo, nikaupitisha juu ya sufuria ya pilau kila mpishi alipofunua mfuniko, mvuke ukaunyoosha. Wapishi walisema wamepika mengi lakini sweta bado. Nilifuma Jumamosi nzima mpaka jua lilipozama, na Jumapili nikaanza tena baada ya sala ya alfajiri. Baadaye, barua ya kwanza ya mwanangu kutoka Mufindi ilisema kwamba hulivaa kabla hata hajanawa uso, na kwamba likilowa umande linanukia bizari, mpaka mumewe huuliza kuna nini cha kula.

Jumapili baada ya adhuhuri ndoa ilifungwa msikitini, na wanawake wa upande wa bwana harusi wakaja nyumbani na masinia wakiimba. Sebule ilijaa. Wifi alikuwa mbele, juu ya ule mkeka mpya. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa uani, namalizia kushona ubavu wa mwisho, na nilifurahi kuwa na kazi ya kuinamia. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa sauti, aliinua doti ya kwanza juu ya kichwa chake.

"Mkaja wa mama huu! Mama yuko wapi, aje apokee!"

Macho yote yakamwendea wifi, na wala si kwa ubaya. Temeke yote ilimjua yeye. Wifi akainuka. Nikaacha kushona, nikajiambia niwe mtu mzima, nipige kigelegele kama wengine. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nipige.

Wifi aliupita mkeka, akalipita sinia, akaja mpaka mlangoni nilipokaa. Akanitoa sweta na sindano mikononi.

"Nenda," alisema, si kwa kunong'ona. "Tumbo lilikuwa lako."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka yule shangazi wa bwana harusi akinifunga mkaja juu ya gauni, nami nikimwambia akaze. Alikaza. Vigelegele vikanizunguka, na kwa pazia la chumbani nikaona jicho moja la mwanangu linachungulia.

Kisha akainua ya pili. "Ubeleko huu!" Naye akanigeukia mimi, maana ndivyo ilivyo desturi, aliyepokea wa kwanza hupokea na wa pili. Ningenyoosha mikono, na hapana mtu ambaye angesema kitu. Sitajitia utakatifu; niliutaka. Nikamtazama wifi. Alikuwa amesimama palepale mlangoni, sweta limening'inia mkononi mwake, anatabasamu tabasamu la mtu anayejifunga mdomo.

"Huo si wangu," nikasema. "Miye mgongo wangu haukumbeba mpaka akaota akili. Aliyembeba na surua siku tatu ni yule pale. Mpeni mwenyewe."

Wifi alilia kwa sauti, akasahau kabisa kwamba ana wageni. Alipewa ubeleko wake, akaukumbatia, na hapo akapata wazimu mzuri. Kwetu mwali hatoki chumbani siku hiyo kwa miguu yake, somo humbeba mgongoni mpaka kwenye mkeka. Wifi akaufunua ubeleko, akauzungusha kiunoni, akaelekea chumbani.

"Somo, kaa pembeni. Wa kwangu nambeba mwenyewe."

"Na samli zote hizo alizokula!" somo akapiga kelele. "Utavunjika, mama!"

Alikwisha inama. Mwanangu akampanda, akamshika mabega, na wifi akasimama. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikayumba. Ya tatu magoti yakaanza kukunjika, wanawake wakapiga mayowe kwa kicheko, na mimi, mkaja wangu tumboni, nikakimbia nyuma nikamwinua mwanangu kwa chini kwa mikono yote miwili. Alikuwa mzito, jamani. Alikuwa mzito wa kuonekana kwamba amelishwa na kutunzwa.

"Mama zangu, mtaniangusha!" alisema, anacheka, shavu lake limelala mgongoni kwa wifi na uzito wake wote umekaa kwangu.

"Tulia," tukamwambia, na tukaenda naye hivyohivyo mpaka mkekani.